Waya ya Kulia

Mkufunzi wenu wa umeme wa magari ameniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu kazi niliyoifanya, ati mambo ya usalama na nidhamu. Ukurasa mmoja! Mimi salamu zangu tu hujaza kurasa mbili. Basi vuteni benchi, na yule wa nyuma aweke simu chini. Ama asiweke. Simu ndiyo iliyonilisha.

Naitwa Kisiangani. Nimefunga holda za simu na chaja katika magari ya Kitale na Bungoma mpaka vidole vyangu vikaanza kupinda vyenyewe kuelekea chini ya dashibodi. Hata leo nikipiga magoti kanisani, mkono unaanza kupapasa ukitafuta boksi la fyuzi. Mke wangu huninong'oneza, "Baba Rose, hicho ni kiti cha watu. Omba."

Nyinyi mmeikuta kazi ikiwa tamu kama chai ya wageni. Holda ina sumaku, unaigusisha simu tu, pa, imeshika. Gari nalo linakuja na tundu la chaja. Sisi tulianza na sahani ya sabuni. Si utani. Sahani ya sabuni ya plastiki, skrubu mbili, na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Simu inalazwa humo kama mtoto kwenye beseni. Nilifunga sahani nyingi hivi kwamba kuna mwezi watu wa Kitale waliweka sabuni zao kwenye vikombe.

Baadaye zikaja holda za kunyonya kioo. Hizo zilinifundisha unyenyekevu. Baridi ya Kitale ya asubuhi mnaijua, ile ambayo jogoo huwika kwa mkupuo mmoja kisha anarudi kulala. Mpira unakauka, unaachilia kioo, na simu inamwangukia dereva mapajani katikati ya kona. Dawa yake nilipewa na mteja, wala si kitabu: futa kioo kwa spiriti, usitumie mate kama nilivyofanya mwaka mzima, pasha mpira joto kwa viganja, kisha bandika, shikilia, uimbe ubeti mmoja wa wimbo wowote kabla ya kuachilia. Dashibodi iliyopakwa mafuta ya kung'arisha haishiki kitu. Usigombane nayo, ioshe.

Halafu kulikuwa na zile za kubana kwenye matundu ya hewa. Nilimfungia mchungaji mmoja, nikajisifu, akaenda zake. Kesho yake asubuhi aliwasha joto la gari kwa sababu ya baridi, akaendesha mwendo wa saa nzima. Alirudi ameishika simu kwa leso.

"Fundi," akasema kwa upole wa kutisha, "hii simu imeiva."

Kwa hivyo shikeni hili: holda isikae kwenye pumzi ya joto, isikae mbele ya macho ya dereva, wala isikae juu ya ule mfuko wa hewa unaofichwa kwenye usukani na upande wa abiria. Mfuko ukifumuka, holda inakuwa risasi. Na waya ipite nyuma ya paneli, isining'inie karibu na pedali kama mzabibu.

Lakini holda ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni moto wa chaja, yaani umeme wake: unautoa kwenye waya gani? Hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo mpaka leo likitajwa kule Kamukuywa watu huweka vikombe chini wasije wakamwaga chai.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Fundi Barasa, mtu wa Bungoma asilia, mrefu mpaka akiingia kwenye gari dogo lazima aingie kwa awamu. Mdomo wake sikuwahi kuuona ukiwa mtupu. Kama si hindi la kuchoma ni muwa, na kama si muwa ni ndizi. Na ndani ya mdomo huo uliojaa, l na r zilikuwa zimebadilishana nyumba tangu zamani. Yeye ndiye aliyenifupisha jina akaniita Kisia, na kweli, miezi ile ya kwanza nilikuwa nakisia tu.

Kibao cha nje alikiandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama milango:

TUNATENGENEZA MAHARI PA SIMU NDANI YA GALI

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti sambamba na masikio. Elimu ilikuwa imenikaa kichwani kama kofia mpya, sikuweza kutembea bila kuigusa. Nikamwendea.

"Fundi, hapa umeandika mahari. Mahari ni ng'ombe za kuoa."

"Si ndiyo nimeandika? Mahari. Mahari pa simu."

"Sasa simu inaolewa na nani?"

"Wewe Kisia, nani amesoma hapa?"

"Mimi. Jioni."

"Basi soma jioni. Mchana tunafanya kazi."

Kibao kikabaki. Na kibao hicho ndicho kilichomleta Mama Naliaka.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Stesheni wagoni ya rangi ya maziwa ilisimama mbele yetu, akashuka mama mmoja amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kingeweza kusimama peke yake. Kwenye kiti cha nyuma alikaa kijana mwenye koti linalompwaya mabegani, macho yametazama viatu.

"Nimeona kibao," mama akasema. "Ni nyinyi mnatengeneza mambo ya mahari?"

"Ni sisi, mama," akajibu Barasa kutoka chini ya lori, miguu tu ikionekana. "Mahari safi."

Mama akacheka, akagusa kifua. "Basi Mungu ndiye amenielekeza. Naenda kwa mahari, na simu yangu ni mgonjwa."

Akatueleza akiwa amesimama. Kijana yule ni mwanawe, Wanjala, na koti lile lilikuwa la marehemu babake. Walikuwa wanaenda Kamukuywa kumwombea mchumba, binti anayeitwa Nanjala. Mara ya kwanza walifika wamechelewa, na babake msichana, Mzee Makokha, akawarudisha kutoka langoni bila hata maji ya kunywa. Leo ilikuwa mara ya pili.

"Na amesema hakuna ya tatu," Mama Naliaka akasema. "Saa tano kamili, twende kwa heshima, tuketi, tuombe. Mimi kama mama siwezi kusimama kuongea. Anayeongea ni shemeji yangu, Kundu, kaka ya marehemu. Sasa Kundu wiki iliyopita amepanda mparachichi."

"Akafanyaje?"

"Akashuka haraka kuliko alivyopanda. Mguu uko kwa plasta. Kwa hivyo ataongea kwa simu, nitaweka spika wazee wasikie. Lakini angalia hii simu, fundi. Angalia tu."

Nikaiangalia. Betri ilikuwa imevimba mpaka mfuniko haufungi, na simu yenyewe imefungwa mpira kiunoni kama mama anayelima. Ukiichomoa kwenye chaja inakaa na uhai dakika chache, kisha inakata roho. Alitaka holda ya kuishikilia vizuri na chaja ya kuilisha njia nzima, ili ifike Kamukuywa ikiwa na nguvu za kuposa.

"Kisia!" Barasa akaita kutoka chini ya lori, hindi mdomoni. "Funga horuda hapo katikati. Moto, chukua kwa waya ya kuria!"

Sasa vijana, nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo.

Nilikuwa nimezoea kutafsiri maneno ya Barasa. Akisema r, mimi naweka l, kazi inaendelea. Kuria, yaani kulia. Nikafungua paneli chini ya usukani, nikajilaza chali, kichwa kwenye pedali, miguu nje mlangoni inapigwa na jua. Nyaya zilikuwa nyingi kama tambi za harusi. Waya ya kulia. Nikajiuliza: ndani ya gari, ni kitu gani kinacholia?

Honi, bila shaka.

Msinicheke bado. Mtu akilala chali chini ya dashibodi, kichwa huku, miguu kule, mkono wake wa kulia uko kushoto kwa dereva. Mambo ya mikono hayakunijia akilini hata kidogo. Waya ya honi niliijua, kwa sababu wiki iliyotangulia tulikuwa tumebadilisha honi ya gari la aina ileile, na nikajisifu kwamba elimu ya jioni inanisaidia mchana. Nikaimenya, nikaunga, nikaweka fyuzi ndogo karibu na muungano kama nilivyofundishwa. Angalau hilo nililisikia sawasawa.

Mtauliza, kwani hukupima? Nilipima! Nilichomeka chaja nikainama kuangalia taa yake. Mama Naliaka wakati huo alikuwa ameshaingia kwenye kiti cha dereva, na kwa haraka aliyokuwa nayo alikuwa ameegemeza kiganja kwenye honi. Piiiiii. "Fundi! Saa inaenda!" Piiiiii. Na taa ya chaja ikawaka, nyekundu, imara, nzuri kama jicho la njiwa. Nikafunga paneli, nikakaza skrubu, nikajipangusa. Kazi imekwisha.

"Wewe panda," Mama Naliaka akaniambia.

"Mimi?"

"Simu ikizima njiani, na wewe nitakuzima. Panda."

"Enda Kisia," akasema Barasa kutoka chini ya lori, "ukakure chakura cha wakwe."

Nikapanda kiti cha mbele, mikono mitupu kama mgeni, boksi la vifaa nimeliacha karakana. Hilo lilikuwa kosa la pili. Fundi anayeacha bisibisi nyumbani ni abiria.

Tulitoka Kitale vizuri. Mama Naliaka anaendesha taratibu, Wanjala nyuma anafanya mazoezi ya kusema "shikamoo" bila kutetemeka. Karibu na Kiminini nikatupa jicho kwenye chaja. Taa imezima. Nikaisukuma kidogo. Imezima. Simu inaonyesha kijistari kimoja cha betri, chembamba kama mguu wa mbu. Jasho likanitoka, baridi yote ile ya Kitale ikanikimbia.

Ndipo ng'ombe mmoja akaamua kuvuka barabara, pole pole, kama mtu anayeenda kupokea zawadi. Mama Naliaka akapiga honi. Piii! Taa ikawaka. Akaachilia. Taa ikazima. Ng'ombe akasimama kutuangalia. Piii! Ikawaka. Kimya. Ikazima.

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kulia. Barasa alimaanisha mkono.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

"Tafadhali piga honi."

"Kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu. Piga tu."

Akapiga, akaniangalia, akaiangalia taa. Akaachilia, akaiangalia taa. Mwanamke mwenye akili. Hakuniuliza swali hata moja. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, akasema, "Wanjala, mwanangu, huyu fundi ameniletea simu inayokula kelele."

"Tusimame arekebishe," akasema Wanjala.

"Bisibisi iko Kitale," nikasema, nikitazama nje.

Saa ilikuwa inaelekea saa nne na nusu. Kurudi ni kuchelewa, kuchelewa ni kurudishwa, na ya tatu haikuwepo. Mama Naliaka akakaza kitambaa chake kichwani, akaweka kiganja kwenye honi, akakanyaga mafuta.

Piiiiiiiiiiiiiiii!

Mnajua huku kwetu gari linalopiga honi bila kukoma siku ya Jumamosi, ndani kuna kijana wa koti na mama wa kitenge, maana yake ni moja tu. Kina mama waliokuwa wanapalilia walinyoosha migongo wakapiga vigelegele. Watoto walikimbia nasi mpaka pumzi zikawaishia. Kwenye kituo cha pikipiki, vijana waliona ni harusi, wakawasha pikipiki zao wakatufuata, nao honi juu. Mmoja akatukaribia dirishani.

"Mama, hongera bana! Bibi harusi ako wapi?"

"Hatujamwomba bado!" Mama Naliaka akapaza sauti.

"Ati?"

"Hatu-ja-mwomba!"

"Sawa sawa! Tuko pamoja!" Akapunga mkono, akaita wengine.

Tulipokata kona ya kwa Mzee Makokha tulikuwa na pikipiki thelathini nyuma yetu. Wanjala anasema zilikuwa sita. Mwacheni, yeye alikuwa amelala sakafuni kwa aibu, angehesabu vipi?

Sasa hebu fikirini. Mtu anayekuja kuomba mchumba huingia kimya. Gari linaachwa mbali, watu wanatembea, wanabisha, wanasubiri kukaribishwa. Honi ni za siku ya kumchukua bibi harusi, mambo yakiwa yameshakwisha. Sisi tuliingia katika boma la watu tukiwa tunapiga honi kama tumeshashinda.

Wazee walikuwa wameketi chini ya hema. Mzee Makokha alisimama, mfupi, mpana, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akangoja honi zote zinyamaze.

"Nawauliza neno moja," akasema. "Mmekuja kuomba, ama mmekuja kuchukua?"

Mama Naliaka alishuka akapiga goti kidogo. "Baba, tumekuja kuomba. Shemeji yangu ataeleza. Yuko kwa simu."

"Basi aeleze."

Akaichomoa simu kwenye holda, akapiga namba, ikaita mara moja, ikakata roho mkononi mwake. Betri ile ilikuwa gunia lenye tobo. Kelele zote tulizoilisha kutoka Kiminini zilikuwa zimeshavuja.

Kijana mmoja wa pikipiki akatoa yake. Tukapiga. Mzee Kundu hakupokea. Alikuwa na sheria ya kutopokea namba asiyoijua, tangu tapeli mmoja alipompigia kumwambia ameshinda lori. Na msiniulize kwa nini hatukuitoa laini tukaiweka kwenye simu ile nyingine. Nimejiuliza swali hilo miaka yote hii. Mtu akiona haya, akili humhama ikakaa kwapani.

Tukafanya jambo la kipumbavu zaidi. Tukalisukuma gari mpaka karibu na hema, tukairudisha simu kwenye holda, Wanjala akabonyeza honi. Piiiiiii. Simu ikafufuka, ikatoa salamu yake ya kuwaka, Mama Naliaka akapiga, Mzee Kundu akapokea. Tuliona midomo ya simu ikitikisika, yaani ile spika. Wazee wakasogeza masikio.

"Anasema nini?" Mzee Makokha akauliza kwa nguvu.

Bibi yake Nanjala, kikongwe aliyekaa kwenye mkeka, akajibu, "Anasema piiiii!"

"Acheni hiyo honi nisikie!"

Wanjala akaachilia honi. Simu ikafa.

Tukarudia. Honi ikilia, Kundu yupo lakini hasikiki. Honi ikinyamaza, hakuna Kundu. Mara ya tatu Mzee Makokha alishika fimbo yake. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Mnanifanyia mchezo nyumbani kwangu. Mara ya kwanza mmechelewa, leo mmekuja na sarakasi. Mama, chukua kijana wako. Rudini, na mambo yaishie hapo."

Nikamwona Wanjala ndani ya koti la babake. Hakulia, lakini koti lilionekana kubwa zaidi. Kule mlangoni mwa jikoni Nanjala alikuwa amesimama na sinia, hajui aliweke wapi. Vijana, nimewahi kuchoma fyuzi, nimewahi kumwivishia mchungaji simu, lakini hapo ndipo nilipojua waya inaweza kuchoma watu ambao hawajaigusa.

Nikatoka mbele.

"Mzee, hawa watu hawana dharau. Makosa ni yangu. Mimi ndiye fundi. Niliambiwa niweke simu kwa waya ya kulia, nami nikaiweka kwa waya ya kulia."

Mzee Makokha akanitazama kutoka kofiani. "Si umeweka ulipoambiwa?"

"Hapana, mzee. Niliambiwa ya kulia," nikainua mkono huu, "nikaweka ya kulia." Nikaelekeza kidole kwenye honi. Kisha, ili aelewe kabisa, nikasema, "Piii."

Kuku alipita katikati yetu, nikamsikia hata kucha.

Kikongwe ndiye aliyeanza. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha akapiga mkeka kwa kiganja. "Kulia! Wooi, ati kulia!" Wazee wakafuata mmoja mmoja. Mzee Makokha alijitahidi, nasema kweli, alibana midomo mpaka mashavu yakavimba kama ile betri. Halafu yakapasuka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akashikwa mikono asije akaifuata.

"Na Kundu," akasema akijifuta machozi, "Kundu huko aliko, anadhani tunampigia honi apite!"

Akakaa. Akapumua. "Rekebisha basi, tumsikie."

"Sina vifaa, mzee."

Kabla hajabadilisha nia, Nanjala akaja mbio kutoka jikoni na kisu. Alininyooshea huku akimtazama Wanjala. "Tumia hiki. Lakini usikiharibu, ni cha mama, cha kukatia mboga."

Mzee mmoja akakohoa. "Makokha, umeona? Nyumba yako imeshawapa kitu. Tumeshaanza kupeana."

"Ni kisu tu," Makokha akasema.

"Hata ng'ombe huanza kwa kamba," akasema kikongwe.

Niliifanya kazi ile mbele ya wazee wote, wameinamisha vichwa mlangoni mwa gari kama madaktari. Zima gari kwanza, toa ufunguo. Nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu, nikaitoa chaja kwenye honi, nikaufunga ule mchubuko kwa tepu niliyoibandua palepale. Nikatafuta waya ya kulia, kulia kwa mkono, mkono wa dereva aliyeketi. Tester ya kupimia moto sikuwa nayo, nikatumia taa ya chaja yenyewe. Ufunguo ukigeuzwa, inawaka. Ufunguo ukitolewa, inazima. Nikarudia mara tano, wazee wakihesabu kwa sauti.

Hiyo ndiyo elimu yote niliyo nayo, vijana, iandikeni kwa kalamu isiyofutika. Ukiishika waya usiulize tu kama ina moto. Iulize ina moto *lini*. Kuna yenye moto saa zote. Ukiweka chaja hapo, gari likilala siku tatu betri inakwisha, kama nilivyomfanyia baadaye mfuga ng'ombe mmoja wa Kiminini, maziwa yakamgandia nyumbani. Kuna yenye moto ukikanyaga breki. Kuna ya taa za kona, hiyo simu inakula na kutapika, inakula na kutapika. Na kuna ya honi. Unayoitaka ni ile inayoamka na ufunguo na kulala na ufunguo.

Simu ikawaka. Kimya kabisa, hakuna honi. Mama Naliaka akapiga, na sauti ya Mzee Kundu ikajaa hema lote:

"Haro? Haro! Nani huyo anapiga honi? Mwambieni anyamaze, haya ni mambo ya watu wazima!"

Ilibidi tusubiri tena watu wamalize kucheka. Kisha Mzee Makokha akaokota kofia yake, akaivaa vizuri, akaisogelea holda akaongea nayo kwa heshima, kama kwamba Kundu mwenyewe amekaa pale juu ya dashibodi amenyoosha mguu wake wa plasta.

"Kundu, watu wako waliingia kama wachukuaji. Sasa wameketi. Omba."

Na Kundu akaomba. Aliomba mpaka injini ikapata joto.

Jumatatu nilimkabili Barasa. "Fundi, ungesema waya ya mkono wa kulia!"

"Nirisema kuria!" akasema, akiinua hindi kwa mkono wake wa kulia, kama ushahidi.

Niliandika kisa chote kama insha katika masomo ya jioni. Mwalimu wangu akanirudishia na maneno mekundu pembeni: *Kiswahili kina neno kuume. Mkono wa kuume.* Nikafurahi, nikampelekea Barasa, kwamba kuanzia leo tuseme waya ya kuume. Akatafuna, akafikiri.

"Waya ya kiume," akasema. "Sasa ya kike iko wapi?"

Nikaacha. Tangu siku hiyo mtu akiniambia niweke kitu kulia, namwambia aguse kwa kidole. Na kibao cha MAHARI PA SIMU hakikufutwa, maana baada ya habari zile kuenea, kila aliyekuwa na safari ya kuposa alipitia kwetu kwanza kwa ajili ya bahati.

Wanjala na Nanjala walioana Desemba, na gari lililotangulia lilikuwa lile la rangi ya maziwa. Mzee Makokha mwenyewe ndiye aliyebonyeza honi, kutoka langoni kwake mpaka kanisani, hakuruhusu mtu amsaidie. Kisu kile cha mboga kiko kwao mpaka leo, ncha imepinda kidogo. Nilikiharibu.

Na binti yao wa kwanza yuko hapo darasani pamoja nanyi, anasomea umeme wa magari. Jina silitaji, atanikasirikia. Lakini mkitaka kumjua, ameketi benchi ya mbele, upande wa kulia.

Na mimi namaanisha mkono.